Maji Mengi, Mayai Mengi: Maneno ya Idadi na Kiasi katika Kiingereza

Hotuba kwa walimu wa Kiingereza na vijana wa maofisini, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka kazini moja kwa moja, wengine bandarini, wengine Kariakoo, mkaivumilia foleni ya jioni mpaka hapa: asanteni sana kwa kuja. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie maneno ya idadi na kiasi katika Kiingereza: “much”, “many”, “few”, “little”, “some”, “any” na ndugu zao. Wengi wetu tulifundishwa maneno haya kama orodha ya kukariri. Mwalimu alipiga mstari katikati ya ubao, upande huu “many”, upande ule “much”, tukanakili, tukafanya mtihani, tukasahau. Leo nina dai moja na nitalisimamia mpaka mwisho. Mswahili hana haja ya kukariri orodha ile, kwa kuwa tofauti yenyewe anayo tayari kinywani. Anaitumia kila anapokwenda dukani kwa Mangi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha ilipo.

Tuanze pale tunapokosea. Kwa Kiswahili nasema maji mengi. Nasema pia mayai mengi. Neno ni lile lile, halijabadilika hata herufi moja. Sukari nyingi, ndizi nyingi: hivyo hivyo. Kiswahili kinapotaja wingi wa kitu kinataka kujua jambo moja tu, ngeli. Watu wengi, mizigo mingi, vyombo vingi, muda mwingi, mahali pengi. Kama kitu hicho kinahesabika au hakihesabiki, hilo hakiulizi. Kiingereza hakina ngeli, lakini hilo la kuhesabika kinaliuliza kila mara. Yai nitahesabu moja, mawili, matatu, kwa hiyo ni “many eggs”. Maji siwezi kuyahesabu hivyo, kwa hiyo ni “much water”. Mtu aliyekulia kwenye “mengi” moja akipewa maneno mawili achague, lazima apapase. Ndiyo maana maofisini tunasikia “much people” na “many money”, tena kutoka kwa watu wenye akili zao timamu na shahada zao ukutani. Si uvivu wala ujinga. Ni lugha moja inayojibu swali ambalo nyingine inaliuliza kwa namna tofauti.

Sasa geukeni upande wa uchache. Mayai machache. Na maji je? Maji kidogo. Ndizi chache, sukari kidogo. Vitunguu vichache, chumvi kidogo. Hakuna mama ntilie mji huu atakayemwambia msaidizi wake aongeze “chumvi chache” kwenye mchuzi, na hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo darasani. Hapo ndipo Kiswahili kilipoiweka tofauti tunayoitafuta. “Chache” ni “few”. “Kidogo” ni “little”. Na kitu kinachokubali “few” ndicho hicho hicho kinachokubali “many”. Kinachokubali “little” ndicho kinachokubali “much”. Kwa hiyo mtu akikwama kwenye wingi, apite kwenye uchache kwanza. Viti: vichache au kidogo? Vichache. Basi “many chairs”. Mchanga: mchache au kidogo? Kidogo. Basi “much sand”. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulifanya jambo hili kichwani bila kufungua kitabu.

Kuna njia nyingine mbili za kufika hapo hapo. Tunauliza mayai mangapi, lakini maji kiasi gani. “Ngapi” ni “how many”, “kiasi gani” ni “how much”. Tena tunasema idadi ya watu, lakini kiasi cha mvua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu huu wa Dar es Salaam. Hiyo ni idadi, na kwa Kiingereza ni “the number of people”. Mvua ya masika tunaipima kwa milimita, na hicho ni kiasi, “the amount of rain”. Anayeandika “a large amount of people” amewafanya watu kuwa kitu cha kupimwa kwa debe. Kwa Kiswahili fasaha asingesema “kiasi kikubwa cha watu”, basi na kwa Kiingereza asikubali.

Bei ina utaratibu wake. Sokoni Ilala tunauliza fungu la nyanya shilingi ngapi, na hiyo “ngapi” inatuvuta kwenye “how many”. Mwingereza anayeuliza bei huulizia pesa, na pesa kwake haihesabiki, hata kama bidhaa yenyewe inahesabika. “How much are the tomatoes?” Nyanya ni nyingi, kwa hiyo “are”, lakini swali linabaki “how much”. Shilingi ni “many shillings”, pesa ni “much money”, na kwa Kiswahili chetu pesa inakwenda kotekote, pesa chache na pesa kidogo, kwa hiyo kwenye neno hili kipimo changu hakitawafaa. Lishikeni hivyo hivyo kwa kichwa.

Na sasa nifike mahali ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo vijana wa ofisini mnapoumia. Lugha mbili hazikati vitu kwa kisu kimoja. Kuna vitu ambavyo Kiswahili kinavihesabu bila wasiwasi na Kiingereza kinavikataa. Vifaa: tunasema vifaa vitatu, vifaa vichache. Kiingereza kinasema “equipment”, na neno hilo halina wingi wala halikubali namba mbele yake. Mizigo ya msafiri tunaihesabu, mizigo miwili, “luggage” haihesabiki. Samani hivyo hivyo, “furniture”. Taarifa tatu, lakini “information” haina tatu. Nywele zetu ni nyingi, moja ni unywele. Nywele za kichwani za Mwingereza ni “hair”, umoja, “her hair is long”. Habari kwetu ni njema, nzuri, nyingi. “News” ina “s” mwishoni na bado ni umoja: “the news is good”. Kazi za nyumbani anazopewa mwanafunzi ni “homework”, bila “s”. Ukiacha pesa, kundi hili ndilo pekee ambalo nakubali likaririwe, na si kubwa. Mwenye daftari aandike: “information”, “advice”, “equipment”, “furniture”, “luggage”, “homework”, “news”, “research”, “evidence”, “progress”, “knowledge”, “traffic”. Ukiyashika haya, sehemu kubwa ya makosa ya barua za kikazi imeondoka.

Kundi jingine dogo linatupotosha kwa sababu ya upatanisho wetu. Maji, mafuta, maziwa, maendeleo, maarifa: kwa Kiswahili yote yanachukua “ya”, kama vile ni mengi. Maji yamemwagika. Maendeleo yanaonekana. Kijana akitafsiri kwa masikio ataandika “the water are” au “the progress are”. Kwa Kiingereza ni “the water is”, “the progress is”. Kiulizeni kitu chenyewe kama kinahesabika, msiisikilize “ma” yake.

Sasa chukueni hati ya shehena, ile ambayo vijana wa klaringi, mnaotoa mizigo bandarini, mnaiita B/L, yaani “bill of lading”, na mnaishika kila siku ya kazi. Itazameni ilivyopangwa. Kuna sehemu ya idadi ya vifurushi, na kuna sehemu ya uzito. Hati hiyo haiandiki “ten equipments”. Inaandika katoni kumi, au kreti kumi, kisha inasema ndani yake kuna nini. Hiyo ndiyo siri ya kuhesabu kisichohesabika: unatafuta chombo, kipande au kipimo, unakihesabu hicho. “Ten cartons of equipment.” “Two pieces of luggage.” “Three pieces of information.” “A loaf of bread.” Mteja wako akikuuliza kuhusu shehena, usimjibu “many of the equipment are damaged”. Mwambie “much of the equipment is damaged”, au bora zaidi, taja kitu chenyewe: “many of the machines are damaged”.

Na hili pia si geni kwetu hata kidogo. Sabuni tunaihesabu kwa mche: “a bar of soap”. Mchele kwa punje: “a grain of rice”. Maji kwa tone, “a drop of water”. Ndizi kwa chane na mkungu, nafaka kwa debe na gunia. Zamani bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na mpaka leo tunasema haba na haba hujaza kibaba. Watu wenye msamiati wa vipimo kama huu hawapaswi kuiogopa “a piece of advice”.

Ndugu zangu, niseme wazi jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu huenda wasilipende. “Informations” ni kosa, lakini ni kosa dogo. Anayesoma ataelewa, atasonga mbele. Tunapoteza vipindi vizima kulisaka kosa hilo, na tunaliacha kubwa lipite. Kosa kubwa ni “few” na “a few”, “little” na “a little”, kwa sababu pale maana yenyewe inageuka na msomaji hana namna ya kujua.

Fikirieni mmekaa ofisini, mteja yuko Lubumbashi anasubiri mzigo, anauliza kama bidhaa bado ipo ghalani. Unamwandikia: “There are few cartons left.” Ulichomwambia ni kwamba zimebaki katoni chache tu, karibu zinakwisha, usitegemee sana. Ungeandika “There are a few cartons left” ungekuwa umemwambia zipo bado katoni kadhaa, agiza. Herufi moja, “a”, imegeuza habari mbaya kuwa njema. Huyu wa kwanza atatafuta muuzaji mwingine jioni hiyo hiyo. Wa pili atatuma pesa. Na wewe uliyeandika, kichwani mwako ulikuwa na sentensi moja ya Kiswahili: “zimebaki katoni chache.”

Kwa hiyo kabla ya kuandika, ijazeni sentensi hiyo ya Kiswahili. Ukiweza kuongeza “tu”, ukiwa na masikitiko ndani yake, chache tu, hazitoshi, andika “few”. Ukiweza kuweka “kadhaa” mahali pake, andika “a few”. Kwa visivyohesabika ni vilevile. “We have little time”: muda wenyewe ni mdogo mno, tuharakishe. “We have a little time”: tuna muda kidogo, tunaweza kuketi tukazungumza. Katika barua ya kuomba msaada, “we have little money” inasema tumekwama. “We have a little money” inasema akiba ya kuanzia ipo. Wafadhili wawili wakizisoma watatoa majibu mawili.

Nyongeza mbili hapa. “Only a few” inarudi kwenye uchache, chache tu. Na “quite a few”, ambayo wengi huielewa kinyume, maana yake ni nyingi. Tunayo hii pia, kamili, wala haihitaji maelezo: si haba. Mtu akikuuliza watu walikuja? Si haba. “Quite a few.” Ni vigumu kupata pacha wa karibu zaidi ya huyo katika lugha hizi mbili.

“Much” katika sentensi ya kawaida ya kukubali huwa na ugumu fulani wa sikio. “I don't have much time” ni sawa, “how much time?” ni sawa, lakini “I have much time” inasikika kama mtu aliyevaa suti ufukweni Coco. Mazungumzoni semeni “a lot of”, ambayo ina faida ya kutumika kotekote, “a lot of water”, “a lot of eggs”, na kitenzi kinaifuata nomino: “a lot of water is”, “a lot of eggs are”. Ukiwa na haraka na huna uhakika, hiyo ni njia salama. “Too much” si “sana”. Ni kupita kiasi. Mwenyeji akikukaribisha chakula ukamwambia “thank you too much”, umemwambia shukrani zimezidi.

“Some” na “any”: kukubali “some”, kukana na kuuliza “any”. Mlioko mapokezi ya hoteli mjue lakini kwamba unapomkaribisha mtu, hata kama ni swali, unasema “some”. “Would you like some tea?” Hapo humhoji, unamkirimu.

Kisha kuna hili la “baadhi ya”. Sisi tunasema baadhi ya watu, baadhi ya wanafunzi, na hiyo “ya” inatoka nasi hadi kwenye Kiingereza: “some of people”, “most of students”. Nalisikia kila wiki. Kiingereza kinataka “of” pale tu kundi linapokuwa linajulikana, lina “the”, “these” au “my” mbele yake. “Most students” ni wanafunzi walio wengi kwa jumla. “Most of the students” ni walio wengi kati ya hawa tunaowazungumzia, wa shule hii, wa darasa hili. Kiswahili hakina “the”, kwa hiyo “baadhi ya walimu” yetu inabeba maana zote mbili, na inabidi mwenyewe uamue ulikuwa na ipi. Jirani yake ni “one of my friend”. Kisa chake ni kwamba sisi husema mmoja wa rafiki zangu, na “rafiki” haionyeshi wingi, wingi uko kwenye “zangu”. Kiingereza kinaudai kwenye nomino: “one of my friends”.

“Every students” sitaitetea. Kila mwanafunzi ana daftari. Nani kati yetu amewahi kusema “kila wanafunzi wana”? Kiswahili na Kiingereza hapa vinakwenda pamoja: “every student has”. Vivyo hivyo wawili: wazazi wote wawili ni “both parents”, na wote wawili hawakuja ni “neither of them came”.

Limebaki la “less” na “fewer”, nalo walimu hubishana juu yake mpaka chai inapoa. Kanuni ya vitabuni ni rahisi: vinavyohesabika “fewer”, visivyohesabika “less”. “Fewer cars, less traffic.” Lakini ni vyema mjue ilikotoka. Waingereza walitumia “less” kwa vitu vya kuhesabika kwa karne nyingi. Mwaka 1770 Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu lugha ya Kiingereza, aliandika kwamba yeye anaona “no fewer than a hundred” ni nzuri na sahihi kuliko “no less than a hundred”. Alitoa kama maoni yake, waliomfuata wakayageuza sheria. Huko huko Uingereza, mwaka 2008 maduka ya Tesco yaliondoa kibao cha “10 items or less” kwenye kaunta za haraka, wakaweka “up to 10 items”, ugomvi ukaisha kwa kuukwepa. Na hata washika sheria wakubwa husema “less” kwa umbali, muda na pesa: “less than five kilometres”, “less than two weeks”, “less than ten thousand shillings”, maana hapo hatuhesabu kilomita moja moja, tunatazama umbali wote kama kitu kimoja. Kwenye mtihani, mwanafunzi afuate kanuni ya vitabuni, asije akapoteza alama. Lakini mwalimu asimdharau mzungumzaji anayesema “less people”. Kosa hilo wenye lugha yao wanalifanya kila siku.

Nimalizie kwa walimu wenzangu. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali kwa kawaida amefundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja. Na baadhi ya shule zetu zina mabango yanayokataza Kiswahili, mtoto akiteleza anavishwa kibao shingoni, anakizungusha siku nzima wenzake wakimcheka. Mimi napinga kibao hicho kwa moyo wangu wote. Kinamfundisha kuionea aibu lugha ambayo ndani yake tayari kuna “few” na “little”, kuna “number” na “amount”, kuna “quite a few”. Tunampokonya tochi, kisha tunamlaumu kwa kujikwaa gizani.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana kesho asubuhi. Mwanafunzi akiandika “much chairs”, usikimbilie kalamu nyekundu. Andika pembeni kwa Kiswahili: vichache au kidogo? Mrudishie daftari. Akijibu vichache, na atajibu vichache, mwache asahihishe mwenyewe, kisha mpe sentensi nyingine yenye “equipment” aone mahali ambapo njia hii inafika mwisho.

Ndugu mwenyekiti, nimefika. Karatasi za mazoezi zinapita sasa, na maswali tuanze na ndugu zetu waliosimama nyuma kule mlangoni.